Maswali na Majibu: Umeme Unapotelea Wapi Katika Mota Nyoofu?

Barua za mara hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu mota nyoofu ya induksheni, ile inayosukuma treni bila kutegemea magurudumu.

Mwalimu, mota hii ina tofauti gani na ya pampu yetu ya kisimani? (Mwanafunzi wa ufundi, Langoni)

Mwanangu, stata ya pampu (sehemu isiyozunguka, yenye koili za waya) huizunguka rota (sehemu inayozunguka). Katika mota nyoofu, stata imekunjuliwa na kufungwa chini ya behewa, na mahali pa rota pamelazwa bamba la alumini juu ya chuma, katikati ya reli. Uga sumaku hukimbia mbele na kuamsha mikondo ndani ya bamba, na mikondo hiyo ndiyo inayozaa msukumo. Nafasi kati ya ncha mbili za sumaku zinazofuatana ikiwa sentimita 30 na umeme ukiwa wa Hz 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), uga huenda mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Treni hubaki nyuma ya uga kidogo, na ikibaki nyuma kwa asilimia 10, asilimia 10 ya nguvu iliyovuka pengo la hewa kati ya mota na bamba huishia kuwa joto ndani ya bamba. Kwa hiyo inveta, kifaa kinachobadilisha Hz za umeme wa mota, inapaswa kuzipandisha sambamba na mwendo wa treni, ili mtelezo huo ubaki mdogo.

Pengo la mota ya pampu halifiki hata milimita moja. Kwa nini treni isifanyiwe vivyo hivyo? (Fundi wa kusuka mota, Malindi)

Ndugu fundi, behewa huyumba na reli hutitia, na bamba likigusana na mota kwa kasi hiyo ni maafa. Ndiyo maana huachwa kama milimita 10 au zaidi. Mkondo mwingi huvutwa ili kujenga uga tu ndani ya hewa hiyo, na ijapokuwa haupotei wote, huzipasha koili joto na kulazimisha treni ibebe inveta kubwa. Kwa maoni yangu, fedha zianze kutumika hapa: bamba linyooshwe kwa makini, na mota ifungwe kwenye ekseli, mahali ambapo mchezo wa springi haufiki.

Nasikia kasi yenyewe huidhoofisha mota hii. Ni kweli? (Mwalimu wa fizikia, Mokowe)

Ni kweli, na hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Rota ya duara haina mwanzo wala mwisho, lakini mota nyoofu ina mwanzo na mwisho. Mota inaposonga, kila kipande kipya cha bamba huingia ghafla ndani ya uga, nacho huzua mikondo ya kuupinga, hivyo sehemu ya mbele ya mota hubaki na uga hafifu. Kwa mota ya mita 2, kipande kimoja hukaa chini yake sekunde 0.067 treni ikienda mita 30 kwa sekunde, lakini sekunde 0.018 tu ikienda mita 110. Uga haupati muda wa kukomaa, na mikondo inayobaki nyuma huondoka na nishati.

Mota ndefu yenye ncha nyingi za sumaku husaidia, kwa sababu sehemu iliyodhoofika huwa ndogo ikilinganishwa na urefu wote. Kuhusu bamba, ukitumia lisilopitisha umeme vizuri, udhaifu huo wa mwanzo na mwisho wa mota hupungua, ila joto la mtelezo huongezeka. Kwa hiyo bamba lipimwe kwa ajili ya kasi ambayo treni itaenda muda mwingi.

Je, inafaa kwa reli inayopangwa kutoka bandari ya Lamu? (Msomaji, Amu)

Sioni hivyo. Mwaka 1974 gari la majaribio lenye mota hii lilifikia kilomita 411 kwa saa huko Pueblo, Marekani, lakini treni za Shanghai, na ile ya Japani iliyofikia kilomita 603 mwaka 2015, zinatumia mota nyoofu za aina nyingine, ambamo uga na treni huenda pamoja bila mtelezo. Aina ya induksheni imefaulu mijini, kama Vancouver, Kanada, na kwenye reli ya Linimo ya Japani, ambayo haizidi kilomita 100 kwa saa. Kwa mabehewa mazito ya makontena, mota ya kawaida ya kuzungusha magurudumu hupoteza umeme kidogo zaidi.

Na chumvi ya bahari? (Mvuvi, Shela)

Alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Uchafu wa kutu ukijaa chini yake, bamba huinuka na pengo huharibika, kwa hiyo vyuma hivyo viwili vitenganishwe kwa kihami (kitu kisichopitisha umeme) na viungo vikaguliwe mara kwa mara.