Tarajali wa meno, kadi ya mgonjwa isomeni mpaka ukurasa wa nyuma

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya meno huku nyanda za juu, wiki hii nimemkuta mmoja wenu anamwandikia mama wa CML (aina ya lukemia, yaani saratani ya damu) asimamishe dawa zote wiki mbili ili ang'olewe jino moja. Moja! Imatinib, dawa yake ya hiyo saratani, miligramu 400 kila siku ndo inamshikilia yule mama, na kwa jino moja mara nyingi wala haiguswi, na ikibidi kuguswa anayeamua ni daktari wa damu, sio wewe na koleo lako. Sasa naandika kwa namba, ila mnanijua, nitapotelea njiani.

1. FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kabla ya ganzi, tena ya juzi juzi, sio ile ya mwezi wa pili iliyokunjwa kwenye pindo la kitenge. Plateleti, zile chembe za kugandisha damu, chini ya 50 (yaani elfu 50 kwa mikrolita) weka koleo chini piga simu. Nyutrofili, askari wa kupigana na maambukizi, chini ya 1 (elfu moja) hivyo hivyo.

2. Usiulize "unatumia dawa gani" halafu ukaridhika. Mzee mmoja wa Tukuyu nilimuuliza hivyo hivyo, akanijibu za presha tu mwanangu. Na hakudanganya, vidonge vyake kweli vilikuwa vya presha, ila kila mwezi alikuwa anapanda gari kwenda kuwekewa drip ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, kwa ajili ya mayeloma (saratani ya uboho), na kwake yeye dawa ni kitu unachomeza nyumbani, drip ni mambo ya hospitali. Nikang'oa gego la chini, likatoka zima na mizizi yote, nikajisifia kimoyomoyo. Kidonda kikagoma kufunga. Akarudi nikasema hii soketi kavu, tundu la jino lililopoteza bonge lake la damu, nikakwangua nikapaki, akarudi tena nikakwangua tena, kumbe kila nikikwangua ndo nazidi kuharibu. Mfupa ukabaki wazi, wa njano njano, ukipitisha probu (kile kichuma chembamba cha kupimia) unasikia inakwaruza, na harufu ilikuwa mpaka sista anafungua dirisha na baridi lote lile la Juni. Na kila akiondoka ananishukuru, "ndaga mwanangu", huku shavu limevimba. Binti yake ndo alikuja na kadi ya kule kwenye saratani, tarehe za drip zimepangwa mstari kwa mstari ukurasa wa nyuma. Mfupa ukikaa wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu wa dawa hiyo mnajua unaitwaje, ni mfupa wa taya kufa kwa sababu ya dawa, sina hamu ya kuliandika hilo jina. Na msiniambie ningeahirisha drip moja mbili, zoledroniki inakaa kwenye mifupa miaka. Hayo meno yalitakiwa kukaguliwa kabla hajaanza, akishaanza kama jino linatibika ziba mzizi, usikimbilie kung'oa.

Kwa hiyo ulizeni: unachomwa sindano? Unawekewa drip? Kliniki gani nyingine unaenda? Kadi iko wapi?

3. Maumivu ni panadol. Hizo diklofenaki na brufeni mnazogawa kama karanga zinalemaza hata plateleti chache alizobaki nazo.

4. Erithromaisini na klarithromaisini zinapandisha imatinib kwenye damu. Amoksilini ipo, kama hana aleji.

5. Ibrutinib, dawa nyingine ya saratani za damu, huku ni nadra, ila wapo wanaorudi nayo kutoka India. Hiyo mtu anavuja hata plateleti zikiwa nzuri, husimamishwa siku 3 hadi 7 kabla na baada kutegemea na ukubwa wa kazi. Wa kusema ni nani? Wa damu.

6. Kijana kapauka, fizi zimevimba mpaka zimefunika nusu ya meno, zinavuja zenyewe, na wewe unamwandikia kusafishwa meno? FBP leo leo, hiyo inaweza kuwa lukemia yenyewe.

7. Kung'oa iwe Jumatatu au Jumanne asubuhi. Shona, gozi iliyoloweshwa traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikate) ang'ate, akae benchi umwone damu imekata ndo aende. Ukimng'oa Ijumaa jioni akaanza kuvuja saa nne usiku yuko kijijini Isongole, mvua inapiga, gari la kushuka mjini hakuna, na namba aliyonayo ni ya mapokezi ambako Jumamosi hapokei mtu.