Fedha au nguo kwa masista wanaohudumia wakimbizi?

Ndugu, umeuliza iwapo parokia yenu iwapelekee masista wanaowahudumia wakimbizi wa vita nguo zilizokusanywa na waamini, au iwatumie fedha. Kwa maoni yangu fedha zitangulie, kwa sababu mahitaji ya wakimbizi hubadilika upesi, na mzigo wa nguo uliosafirishwa kwa gharama kubwa unaweza kufika wakati kinachotafutwa ni dawa, huku masista wakihangaika kupata mahali pa kuuhifadhi.

Mfano ninaoupenda ni wa Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini mashariki mwa Kongo, aliyepewa mwaka 2013 Tuzo ya Nansen ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Aliwafundisha kushona, kupika na kusoma wanawake waliofurushwa makwao na LRA, kundi la waasi lililotokea Uganda, akiwafuata kwa baiskeli. Kazi ya namna hiyo hutegemea mchango mdogo unaofika kila mwezi kuliko ule mkubwa wa mara moja, jambo ambalo kamati nyingi hulisahau Kwaresima ikishapita.

Zingatieni pia Kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, inayotaka sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Hivyo mchango wa wakimbizi hauwezi kuhamishiwa kwenye ukarabati wa paa, hata paroko akiona haja. Kabla ya kutangaza lolote, mwandikieni mama mkuu wa shirika lao, na fedha zipitie akaunti ya shirika, si ya sista mmoja.