Shiraz ya Bei Nafuu na Joto la Malindi

Mwaka nilioanza kununua mvinyo wa kuweka, nilichukua chupa sita za Shiraz, mvinyo mwekundu, ya Afrika Kusini, kila moja chini ya shilingi 1,500, nikazilaza juu ya kabati chumbani. Nyumba ni ya mabati. Kaskazi ilipopamba moto mwezi wa pili, nikakuta kizibo cha chupa moja kimejisukuma nje na mchirizi umekaukia kwenye lebo, unanata kidoleni. Nikaionja. Jemu iliyoungua sufuriani. Zile tano nazo zilikuwa vivyo hivyo, na iliniuma sana.

Mvinyo wa kukaa miaka unataka nyuzi 12 hadi 15 zisizopanda na kushuka, tena gizani. Malindi hatuteremki hapo hata usiku wa kusi. Nyumba za mawe zenye kuta nene zina ubaridi wake, lakini hautoshi. Kwa hiyo kabla ya kuwaza kuweka, onja kwanza ujue kama chupa yenyewe inastahili.

Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa zambarau ni wa mvinyo mchanga. Ukielekea rangi ya tofali, umri umesogea. Kisha nusa. Shiraz nzuri hunirudisha kwenye zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, na nyuma yake pilipili manga iliyotoka kutwangwa. Pilipili hiyo haikutiwa na mtu. Imo kwenye ganda la zabibu, na mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kuwa inatokana na rotundoni, kitu kile kile kinachoipa pilipili manga harufu yake.

Ukimeza, sikiliza fizi. Sisi tuliokula mabibo utotoni tunaujua ukakasi, ule unaokausha ulimi. Shiraz yenye ukakasi wa kushika, uchachu wa kutosha na ladha ya tunda isiyofifia inaweza kungoja miaka mitano au zaidi. Ikiwa laini na tamu tangu siku ya kwanza, inywe mwaka huu. Nyingi za bei yetu ni za namna hii, na si kasoro, ndivyo zilivyokusudiwa.

Ya kunywa leo itie kwenye friji nusu saa. Utaambiwa mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, lakini kanuni hiyo ilitoka nchi za baridi ambako chumba kina nyuzi 17 au 18. Chumba changu kina 30, na kwa joto hilo pombe hupanda puani na kufunika tunda lote.

Za kuweka, mimi na wenzangu wawili kazini tulichanga tukanunua friji ndogo ya mvinyo, tumeiweka nyuzi 13. Zenye kizibo cha gome tunazilaza kisije kikakauka, za kifuniko cha kuzungusha zinasimama tu. Umeme ukikatika hakuna kufungua mlango. Tunanunua sita za aina moja na kufungua moja kila mwaka, masika yakianza.

Ya tatu tuliifungua mwaka huu kwa mbuzi wa kuchoma. Ukakasi ulikuwa umelainika, pilipili bado ipo, na nyuma yake kukazuka harufu ya ngozi kavu ambayo mwaka jana haikuwapo. Tatu zimebaki.