Uliza Bibi Maendeleo: Mpangaji asiyelipa mchango wa msiba

SWALI
Shikamoo Bibi Maendeleo. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Pasua, Moshi. Kila kaya inatoa elfu mbili kwa mwezi. Tuna mama mmoja, mpangaji wa chumba kimoja, anafulia watu nguo na ana mtoto asiyeweza kutembea. Ameacha kulipa tangu mwaka jana. Juzi alifiwa na mama yake huko Same. Hatukutoa turubai wala viti, na waliofika kumpa pole wanahesabika. Sasa wanachama wanataka jina lake likatwe, wanasema katiba ni katiba. Nafsi inanisuta. Nifanyeje?
Katibu, Pasua

JIBU
Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii mpaka nikastaafu, na makatibu nawajua: daftari lenu linahesabu mwezi, huyo mama anaishi kwa siku. Akifua leo anakula leo: mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, unga robo. Na anayenunua kwa kupima hulipa zaidi ya anayebeba dumu zima, muulize mwenye duka yeyote hapo kwenu. Hiyo elfu mbili ilale wapi mpaka mwisho wa mwezi? Mpokeeni mia tano kila Jumapili.

Hata hiyo ikimshinda, nguvu zake zihesabiwe: kuteka maji, kupika, kupanga viti. Ila iandikwe kwenye katiba kuwa ni ruhusa kwa mwanachama yeyote, na kwa zamu. Msipoandika mtamgeuza mwosha masufuria wa mtaa.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Mwenye deni hukimbia mikutano yote, siyo ya chama tu. Mkutano wa mtaa haendi kwa sababu wanaomdai wamekaa mbele. Na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, inapotambua kaya za kuingia Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, majina hutajwa na wakazi wenyewe mkutanoni. Asiyeonekana nani atamtaja? Muulize mtendaji wa mtaa kama kuna utambuzi mwingine na ni lini, maana hawaandikishi kila siku. Siku hiyo mpitie nyumbani muende wote.

Mtoto naye apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kama umri wa shule umefika, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, na ada mpaka kidato cha nne serikali iliifuta mwaka 2016. Sare na usafiri, hapo ndipo mtaa mnatakiwa kuonekana.

Utasikia wajuaji wakimwambia akachukue mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ni mkopo mzuri, hauna riba, ulisimamishwa 2023 na ukarudi 2024. Lakini wanawake wanaupata kupitia kikundi. Kikundi gani kitampokea, na ninyi mmeshamkata jina?

Kwa hiyo kikao kijacho peleka hoja deni la nyuma lifutwe, aanze upya na hiyo mia tano. Na kama mnasoma majina ya wadaiwa msibani, watu wamekaa na jeneza liko mbele yao, acheni. Hilo halihitaji kikao, daftari unalishika wewe.