Kulala na gari-nyumba pwani ya Oregon wakati wa baridi: pambaneni na unyevu kwanza

Desemba ikikaribia, wenzetu wa hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, huanza kutuuliza mimi na mume wangu kama ni busara kukodi gari-nyumba na kwenda kulala ufukweni wakati mvua haikatiki. Mimi huwaambia waende. Kwa mtu na mwenzi wake, sijaona msimu mzuri kuliko huo. Barabara ya 101 inayofuata pwani haina foleni, kambi za hifadhi za jimbo zina nafasi hasa siku za katikati ya wiki, na bahari inachafuka kwa namna ambayo mgeni wa Julai hawezi kuiona. Ila jiandaeni kwa jambo sahihi.

Wengi wanajiandaa kwa baridi kali. Pwani ya Oregon haina baridi kali kihivyo: mchana mara nyingi ni nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, na theluji kule chini ni nadra. Kinachowasumbua watu ni unyevu. Msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani waliovuka bara hadi Pasifiki, ulipopiga kambi karibu na Astoria, kaskazini kabisa mwa pwani hii, majira ya baridi ya 1805 kuingia 1806, walikaa siku 106 na ni siku 12 tu ambazo mvua haikunyesha. Nguo zao zilioza mwilini. Hali ya hewa ya pale haijabadilika sana.

Ndani ya gari-nyumba, maji mengi mnayatengeneza ninyi wenyewe. Watu wawili wanapumua usiku kucha, makoti mabichi yananing'inia bafuni, sufuria ya wali inatoa mvuke. Asubuhi madirisha yanachuruzika. Hayo ya madirishani mtayaona na kuyafuta. Yaliyo hatari ni yale msiyoyaona. Inueni godoro mguse ubao wa chini yake, hasa upande wa ukutani. Mvuke wenye joto kutoka miilini unapenya godoro, unakutana na ubao wa baridi, na ubao unalowa kama umemwagiwa maji. Ukiachwa siku chache kunaota ukungu mweusi. Sisi tunaweka chaga nyembamba za mbao chini ya godoro ili hewa ipite, na kila asubuhi tunaliegemeza ukutani wakati chai inachemka. Kabati nazo tunaziacha wazi kidogo.

Nunueni mashine ndogo ya kukausha hewa, iwashwe muda wote mnapokuwa na umeme wa kambi. Feni ya dari ifanye kazi kila mnapopika au kuoga, hata kama roho inauma kuona joto linatoka. Na msitumie kihita kidogo cha gesi kisicho na bomba la kutolea moshi nje. Gesi ikiungua inazalisha mvuke wa maji, kwa hiyo mnajipasha joto huku mnajilowesha, na hatari ya hewa ya sumu, yaani kaboni monoksaidi, ni kubwa zaidi. Kengele ya kaboni monoksaidi jaribuni kabla ya kuondoka nyumbani.

Umeme nao una hesabu yake. Sehemu nyingi za kambi zina soketi ya ampea 30, yaani kama wati 3,600. Hita ya umeme inakula 1,500, birika la umeme linaweza kula 1,500 nyingine. Mkiwasha na maikrowevu, swichi inakata. Kubalianeni mapema kwamba anayetaka chai anazima hita kwanza. Pia kumbukeni dhoruba za pwani hukata umeme mara kwa mara. Tanuru la gesi la gari litaendelea kuwaka, lakini feni yake inatumia betri, na betri chakavu haifiki asubuhi. Ikaguliwe kabla ya safari.

Kuhusu njia: kutoka Portland, mkiogopa barafu, piteni barabara ya 30 inayofuata mto Columbia hadi Astoria. Barabara za 26 na 6 ni fupi lakini zinapanda milima ya Coast Range, na gari zito milimani wakati wa barafu ni mtihani. Kambi ya kwanza iwe Fort Stevens, ambako mabaki ya chuma ya meli Peter Iredale, iliyokwama mwaka 1906, bado yamesimama mchangani. Kisha shukeni kusini kwa mwendo mfupi mfupi: South Beach hapo Newport, Honeyman kwenye vilima vya mchanga karibu na Florence, Sunset Bay, Bullards Beach. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, nanyi mnataka kuwa mmeshaegesha na kuunganisha maji na umeme kabla ya giza. Nafasi zinaweza kushikwa miezi 6 kabla. Angalieni tovuti ya hifadhi, maana matengenezo mengi hufanywa msimu huu na baadhi ya sehemu hufungwa. Mkifika, epukeni kuegesha chini ya miti mikubwa, upepo unaangusha matawi.

Bahari yenyewe nataka niisemee kwa uzito. Mimi nimekulia Tanga na nilidhani nimezoea maji, lakini hii ni bahari nyingine. Ina baridi ya nyuzi kama 10, na mawimbi yake huwa yanatulia kwa dakika kadhaa kisha linakuja moja linalopanda ufuko mbali kuliko yote yaliyotangulia. Magogo yaliyolala mchangani yanaonekana kama viti vya kupumzikia. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu yanatosha kuyainua na kuyabingirisha, na gogo moja lina uzito wa tani. Msiipe bahari kisogo, msikae juu ya magogo, na msome jedwali la kupwa na kujaa kila asubuhi. Katika bamvua kubwa za Novemba hadi Januari, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, fukwe nyingine humezwa zote.

Kutazama dhoruba kwa usalama nendeni Shore Acres, jirani na Sunset Bay, mkae nyuma ya uzio. Wimbi likigonga ule mwamba mnasikia mtikisiko miguuni kwanza, halafu maji yanapanda juu ya miti na kurudi kama mvua ya chumvi. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, huwa anasimama pale mpaka nimvute mkono. Mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari nyangumi wa kijivu wanapita kuelekea Meksiko. Depoe Bay ni mahali pazuri pa kuwasubiri na darubini.

Chakula cha msimu ni kaa wa Dungeness. Gatini Newport mnaweza kuwanunua kwa wavuvi msimu ukiwa umefunguliwa, au mwavue wenyewe ghubani kwa leseni ya jimbo. Wapikeni nje, chini ya turubai, kwa nazi, ndimu na pilipili. Sufuria ya kaa ndani ya gari inalowesha kuta zote, na harufu inakaa kwenye shuka.

Taulo na nguo mbichi zisirudishwe kabatini. Mkipita Newport au Florence, tafuteni dobi la mashine za kulipia, mkaushe kila kitu na mnunue mahitaji wakati mnasubiri.

Kama mna siku tatu tu, achaneni na Fort Stevens. Nendeni moja kwa moja Sunset Bay, mlale hapohapo usiku wote, na mtembee kati ya Shore Acres na Cape Arago, ambako simba wa baharini wanasikika wakinguruma hata katikati ya upepo.