Maswali na Majibu: Malimbikizo ya mshahara kwa walioacha kazi

*Chama chetu cha wafanyakazi kilisaini na mwajiri mkataba wa hali bora mwezi Septemba, na mishahara mipya ikaelezwa kuanza Januari ya mwaka huo huo. Niliacha kazi mwishoni mwa Juni. Afisa utumishi anasema nyongeza ni ya waliopo kazini tu. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)*

Jibu limo ndani ya mkataba, wala si mdomoni mwa afisa utumishi. Ikiwa kifungu cha mishahara kinataja 1 Januari bila kuweka sharti kwamba mlipwaji awe bado kazini siku ya kusaini, basi kazi uliyoifanya kuanzia Januari hadi Juni ina bei mpya, na tofauti yake ni deni. Ukiwa ulilipwa shilingi 600,000 na mshahara mpya ni 690,000, unadai 90,000 kwa kila mwezi, yaani 540,000 kwa miezi sita, na mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa kiasi hicho nao uwasilishwe. Malipo ya likizo ambayo hukuichukua yakokotolewe upya kwa mshahara huo huo, jambo ambalo wadai wengi hulisahau. Ikiwa sharti lipo, hoja yako ni dhaifu, na wa kuulizwa ni viongozi wa chama waliolikubali huku wakijua kuwa wanachama wengine wamekwisha kuondoka. Usikubali kuambiwa kwamba mkataba ni siri ya menejimenti: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka nakala yake iwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi.

*Niliacha kazi kiwandani Desemba 2025. Nidai kima kipya cha chini?*

Hapana. Kima kipya cha sekta binafsi kilianza kutumika 1 Januari 2026.

*Nilistaafu ualimu Oktoba 2025 na mshahara wangu haukuwa umepanda kwa asilimia 35.1 aliyotangaza Rais. Nikadai wapi malimbikizo? (Msomaji, Tabora)*

Swali hili linarudi kila juma, na linarudi kwa sababu watu husikiliza hotuba wakaacha kusoma waraka wa mishahara ya watumishi. Asilimia 35.1 iliyotangazwa Singida siku ya Mei Mosi 2025 ilihusu kima cha chini cha watumishi wa umma, kilichopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Haikuwa ahadi kwa kila ngazi. Chukua hati yako ya mshahara ya Juni na ya Julai, uzilinganishe na ngazi yako katika waraka, na kama hakuna pengo, hakuna dai.

Mwenye dai la kweli ni yule aliyepewa barua ya kupandishwa cheo, akafanya kazi ya cheo hicho, na mshahara wake ukabaki ule ule hadi akastaafu. Huyo aanzie kwa mwajiri wake wa mwisho akiwa na barua hiyo, hati za mshahara na barua ya kustaafu, kisha afuatilie pia mafao yake, kwa kuwa kikokotoo, yaani hesabu ya mafao hayo, kilitumia mshahara pungufu. Asikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), maana mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza ngazi zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma. Na yeyote anayejitambulisha kuwa ana mtu Hazina, akaomba asilimia kumi ya kutangulia, ni kishoka, yaani tapeli.

*Nilikuwa kampuni binafsi. Ni miaka miwili sasa, na mhasibu ameendelea kuniahidi kwamba nitalipwa. Nimechelewa?*

Umechelewa sana. Madai yasiyohusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Yanayohusu kuachishwa ni siku 30. Unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba mazungumzo na mdaiwa hayasimamishi saa. Ujumbe wa simu wa "vumilia hadi mwisho wa mwezi" humfaa mwajiri, kwani kila mwezi unaovumilia unamsogeza karibu na kutolipa kabisa. Andika barua ya madai, igongewe muhuri wa kupokelewa, na siku zikikaribia kwisha ujaze fomu ya CMA, hata kama mnaendelea kuzungumza.

*Nilisaini karatasi kwamba nimelipwa stahiki zote na sina madai mengine. Imeniua?*

Haiwezi kuhalalisha mshahara ulio chini ya kima cha kisheria. Kwa nyongeza iliyo juu ya hapo imekutia matatani, na utalazimika kueleza kwamba marekebisho hayakuwa yamejulikana uliposaini. Anayeondoka leo aandike kando ya saini yake: "bila kuathiri marekebisho ya mshahara yatakayonihusu".

*Baba alifariki kabla ya kulipwa malimbikizo yake. Mimi ni binti yake mkubwa, naweza kupokea?*

Huwezi kwa ukubwa wa kuzaliwa. Ukoo ukae kikao, mteule aende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao hicho pamoja na cheti cha kifo, na akishathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi ndipo mwajiri atamlipa, kwa niaba ya warithi wote.