Ndege ina namba, alama au nembo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuandika maandishi hapa Mikindani. Naandika majina ya mashua, vioo vya bajaji, mabango ya maduka. Mwezi uliopita shule moja ya huku Mtwara iliniita nichore ndege ukutani, na chini yake niandike kanuni moja ya usafiri wa anga kwa ajili ya klabu ya wanafunzi. Nikaandika: NAMBA YA NDEGE IONYESHWE CHINI YA BAWA LA KUSHOTO, UREFU SENTIMITA 50. Mwalimu wa Kiswahili akaja na chaki, akakata "namba" akaweka "alama", akakata "ionyeshwe" akaweka "ioneshwe". Mkuu wa shule yeye anataka "nembo". Na mtoto mmoja kauliza mbona ndege zetu zinaandikwa 5H na siyo TZ, wote tukabaki tunatazamana. Rangi imeshakauka, hela sijamaliziwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, fundi. Pole kwa hela. Mwalimu wa chaki kakuzidi kwenye neno la kwanza, mko sare kwenye la pili, na wote mmepitwa na kosa la tatu ambalo hakuna aliyelikata.

Tuanze na "namba". Najua limekuja lenyewe mdomoni. Tuna namba za gari, namba ya bodaboda, namba ya simu, kwa nini ndege isiwe na namba? Inazo, tena zaidi ya moja, na hapo ndipo matata yanapoanza. Nenda uwanja wa ndege wa Mtwara, muulize abiria anayesubiri kuondoka ndege yake ni namba ngapi. Atakusomea namba ya safari iliyo kwenye tiketi. Hiyo ni ya njia na ratiba. Kesho namba ileile inaweza kuja na ndege nyingine kabisa. Kiwandani nako kila ndege hupewa namba yake ya kutengenezwa, ambayo inakwenda nayo hata ikiuzwa na kusajiliwa nchi nyingine. Kisha ndiyo yale maandishi ya ubavuni, mfano 5H-TCG ya ile Boeing 787 ya Air Tanzania. Yahesabu: tarakimu moja, kistari kimoja, herufi nne. Gari la T 123 ABC walau lina tarakimu tatu kwa herufi nne.

Sikukatazi kusema "namba za usajili". Magazeti yanaandika hivyo kila siku na hakuna anayepotea. Ila wewe hukuandika habari, umeandika kanuni. Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, katika kifungu cha 20, unataka kila ndege inayosafiri kimataifa iwe na alama zake za utaifa na za usajili. Mbili, siyo moja. Kiambatisho cha 7 cha mkataba huo ndicho kinachoeleza ziandikwe wapi na kwa ukubwa gani. Katika 5H-TCG, alama ya utaifa ni 5H na alama ya usajili ni TCG. Hata kile kistari hakikuwekwa kwa urembo: alama ya usajili ikianza kwa herufi, lazima kistari kiitangulie. Ndege za Marekani huanza na N kisha tarakimu, ndiyo maana nyingi utaziona hazina kistari. Ukiandika "namba" umezikunja alama mbili ukazifanya moja.

Na yule mtoto asinyimwe jibu lake, maana swali lake ni la lugha pia. Sisi tumezoea kwamba herufi zikikaa badala ya nchi ni kifupisho: TZ ni Tanzania, KE ni Kenya. Alama za utaifa wa ndege hazikutoka huko. Zinachaguliwa kutoka kwenye mafungu ya miito ya redio, yaani herufi na tarakimu ambazo kituo hujitambulisha nazo hewani, ambayo kila nchi iligawiwa kimataifa chini ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Sisi tukaangukia 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, C9. Kabla ya Uhuru ndege za Tanganyika zilianzia VR-T. Kwa hiyo hiyo H usiitafutie neno, haifupishi chochote. Ukiona ndege imeandikwa TZ ubavuni, hiyo ni ya Mali. Mwambie hivyo, halafu mtazame uso.

Neno "alama" linafaa kwa sababu hiyohiyo. Alama haidaiwi maana ya ndani. Inadaiwa tu kwamba ukiiona ujue ni nani. Chale ni alama, kovu ni alama, hata ile X ya rangi nyekundu kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa ni alama.

Nimeona wengine wakiandika "alama ya uraia" wa ndege. Hapana. Uraia ni wa raia, na raia ni mtu; huwezi kumwomba rubani kitambulisho cha uraia cha ndege yake. "Utaifa" linatosha. Ingawa nakiri, kwa jambo moja ndege imefanana na raia wa Tanzania: mkataba hauruhusu isajiliwe nchi mbili kwa wakati mmoja.

Sasa mkuu wa shule na "nembo" yake. Kwa Kiswahili cha leo kakosea, lakini sijui kama mwenyewe anajua amegusa wapi. Kabla nembo haijawa picha ya kwenye barua za ofisi, ilikuwa chale na michoro ya mwilini. Huku kwetu hatuhitaji kamusi kwa hilo. Wamakonde wanaziita dinembo, na mpaka leo ukipanda Newala unaweza kumkuta bibi kizee ambaye mistari ya shavuni mwake inakwambia ametoka wapi kabla hajafungua kinywa. Kazi ile ni ileile inayofanywa na 5H: kumtambulisha aliyeibeba kwa mtu anayemwona kwa mbali. Neno lingeweza kwenda huko. Halikwenda. Lilikwenda kwenye mihuri, bendera na makampuni, na leo mtu akisikia "nembo ya ndege" anamfikiria twiga wa Air Tanzania. Twiga ni wa kampuni. Kampuni ikiamua kesho kumfuta na kuchora papa, ni hiari yake. 5H-TCG haifutwi kwa hiari. Mpe mkuu heshima yake, mweleze habari ya dinembo, kisha andika "alama".

Kuhusu "ionyeshwe" na "ioneshwe", sitaki mgombane. Kutoka "ona" tunapata "onesha" kama tunavyopata "somesha" kutoka "soma" na "kopesha" kutoka "kopa". Njia imenyooka, na maandishi rasmi siku hizi yanaipendelea. Bango la Nanenane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, utalikuta "Maonesho". Lakini "onyesha" nalo halikuokotwa. "Ona" lilizaa "onya" kama "pona" lilivyozaa "ponya", na kwenye "onya" ikaongezwa -esha. "Onya" lenyewe likaenda na shughuli yake ya kukemea, mtoto wake akabaki kwenye kazi ya zamani ya kumfanya mtu aone. Mimi naandika "onesha". Ukutani kwako nisingekubali kufuta herufi moja, y, kwa ajili ya hilo peke yake.

Ningekubali kufuta neno zima. Kwa nini kanuni itake mtu aoneshe? Anayeonesha anahitaji mtazamaji. Siku ya ukaguzi mwenye ndege anakuonesha alama, umeziona, kanuni imetimia. Keshokutwa zikachafuka kwa mafuta na vumbi, naye atakwambia alishaonesha. Kanuni haitaki hivyo. Inataka alama zipakwe rangi au zibandikwe kwa njia nyingine itakayodumu vilevile, rangi yake ipambanuke na ya nyuma yake, ziwe safi na zionekane wakati wote. Zionekane! Kiswahili kina mnyambuliko wake kwa jambo hili na tumeuacha kabatini. Na pembeni yake kuna "kusomeka", maana kitu kinaweza kuonekana na kisisomeke.

Mjomba wangu alikuwa na mashua hapa Lindi. Fundi mmoja alimwandikia TUMAINI kwa rangi nyeupe juu ya buluu, na siku ya kuishua ilioneshwa pwani nzima, watu wakashangilia. Kusi moja tu ikapita, chumvi ikala ubao wa mbele, likabaki TUMA. Mpaka anaiuza, vijana wa ferini walikuwa wakimwita Mzee Tuma, na yeye alikuwa anaitika.

Kosa la tatu, fundi, ni "chini ya bawa". Nikikwambia kaa chini ya mwembe, hutajibandika kwenye gome. Utakaa ardhini, kivulini. Chini ya bawa la ndege ndipo anaposimama fundi mitambo na sanduku lake la spana. Ukifuata sentensi yako neno kwa neno, unaweza kuweka kibao sakafuni na hujavunja kanuni. Maandishi yenyewe yako kwenye bawa, ule uso wake unaotazama ardhi. Basi sema "upande wa chini wa bawa". Hapo hata anayelima ufuta shambani, ndege ikipita juu yake, ndiye anayesoma.

Na kushoto ni kushoto kwa nani? Kwa rubani aliyekaa akitazama mbele. (Rubani naye tumemtoa baharini, alikuwa mjuzi wa kuingiza vyombo bandarini kabla hatujampandisha angani.) Kama ndege uliyoichora inatazama darasani, pua mbele, basi kushoto kwake ni kulia kwa wanafunzi. Kaikague kabla hujadai hela. Kagua pia vichwa vya herufi: kwenye bawa vinatakiwa vielekee ukingo wa mbele, siyo nyuma.

"Urefu" halijakosewa, ila linayumba. Urefu wa kamba, urefu wa barabara, urefu wa mnazi, yote ni urefu. Kwenye herufi, msomaji anaweza kudhani ni urefu wa maandishi yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto wa shule wanajua "kimo" kutoka kwenye pembetatu za hisabati, tumia hilo. Na kanuni haisemi sentimita 50 kamili, inasema zisipungue 50 kwenye bawa, na 30 ubavuni au kwenye mkia ulionyooka juu.

Hapa pananifurahisha mimi kuliko pengine popote. Upana wa herufi unatakiwa uwe theluthi mbili za kimo, unene wa mstari sudusi ya kimo, na nafasi kati ya herufi isipungue robo ya upana. Sudusi! Wangapi bado wanalitumia? Wengi tunaandika "moja ya sita" kana kwamba neno halipo. Lakini kaa kwenye baraza la mirathi Mikindani: mama wa marehemu aliyeacha watoto anapata sudusi, mjane anapata thumni, yaani moja ya nane, na hakuna anayeomba tafsiri. Thumni hiyohiyo wazee waliibeba mfukoni kama senti hamsini. Basi chukua herufi ya ubavuni yenye kimo cha sentimita 30: upana 20, mstari 5, nafasi 5. Ya bawa, kimo 50: upana 33 na kitu, mstari na nafasi ni 8 na kitu kila kimoja. Herufi I na tarakimu 1 zimeachiliwa kwenye upana, kwa sababu unazozijua. Ziwe herufi kubwa za Kirumi, bila madoido. Ile mikia na vivuli unavyotia kwenye vioo vya bajaji, iache kwenye bajaji.

Usisahau pia kwamba ndege hii ni ya ngeli ya I-ZI. Ukiteleza ukaandika "ndege awe na alama", umemchora kunguru.

Mimi ningeandika hivi:

ALAMA YA UTAIFA NA ALAMA YA USAJILI ZIANDIKWE UPANDE WA CHINI WA BAWA LA KUSHOTO LA NDEGE, KWA HERUFI ZENYE KIMO KISICHOPUNGUA SENTIMITA 50, ZIONEKANE NA KUSOMEKA WAKATI WOTE.

Ni ndefu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Kama mlipatana kwa herufi, siyo kwa siku, anza na hesabu hiyo kabla hujafungua kopo la rangi.